Matete na Madini Yaliyo Matopeni

Kila mtu aliyelelewa karibu na mto au ziwa ayajua matete. Tumejengea nyua zetu, tumesukia vihenge vya mtama, tumefanyia mitego ya samaki, na watoto wetu hutoboa pingili zake wakapiga filimbi. Walakini kitu kionekanacho kila siku hakiulizwi habari zake. Ni wachache kati yetu waliopata kuuliza: Nyasi hizi hula nini huko matopeni zilikosimama? Nimeona vema kuwaandikia wasomaji habari hii, kwa sababu katika kijiji nifundishacho swali hili lilitoka darasani likaingia barazani, na jibu lake liligusa chakula cha watu.

Kwanza tulitazame tete lenyewe. Matete ni jamaa ya nyasi, ndugu wa mtama, mpunga na miwa, ijapokuwa urefu wake humfanya mgeni ayadhanie kuwa miti midogo. Wataalamu wa mimea huyagawanya katika namna kadha wa kadha. Namna moja, iitwayo Phragmites australis, imeenea karibu dunia nzima. Yaonekana Ulaya, Asia, Marekani, Australia na Afrika. Namna ya pili, Phragmites mauritianus, ndiyo tuionayo sana katika mito ya nchi zetu za joto. Majani yake ni magumu, na ncha zake huchoma kama sindano, neno ambalo kila mtoto aliyetumwa kukata matete amelijua kwa mikono yake mwenyewe. Zote mbili hupita urefu wa mita 3 bila shida.

Lakini wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yaliyo juu ya maji, yaani mabua, majani na masuke, ni sehemu tu ya tete. Chini ya matope mna mashina mengine yatambaayo, yenye mafundo kama yale ya juu, na kila fundo hutoa mizizi kwenda chini na chipukizi kwenda juu. Kwa hiyo kichaka kizima cha matete, ambacho twadhani ni mimea elfu, pengine ni mmea mmoja uliojieneza kwa miaka mingi. Moto ukipita, ng'ombe wakila, mundu ukifyeka, mashina ya chini hubaki salama, na mvua zikirudi huchipua tena.

Hapa pana ajabu ya kwanza. Matope ya kinamasi hayana hewa. Mahindi yakifurikwa na maji kwa siku kadha wa kadha hugeuka manjano na kufa, maana mizizi yake imekosa pumzi. Tete halifi, kwa kuwa bua lake lina uwazi ndani, nao uwazi huo huendelea mpaka mashina ya chini na mizizi. Hewa hushuka kwa njia hiyo kama maji yashukavyo katika bomba. Hata bua kavu lililokatwa, likisimama juu ya maji, bado hufanya kazi ya bomba. Ndiyo sababu mtu akikata matete chini ya usawa wa maji anaweza kuyaua kabisa, maana maji huingia katika mabua na kuziba njia ya pumzi. Bali akiyakata juu ya maji huota tena.

Na sehemu ya hewa ile huvuja kutoka mizizini ikaingia katika matope yaliyo kandokando. Chuma kilichoyeyuka matopeni kikikutana nayo hushika kutu palepale juu ya mzizi. Ng'oa tete uoshe mizizi yake, mara nyingi utaiona imevaa rangi ya kahawia iliyo nyekundu. Kutu ile si uchafu mtupu. Hunasa madini mengine yapitayo karibu, kama vile arseniki, risasi na zinki, mfano wa ulimbo unasavyo miguu ya ndege. Basi hata kabla tete halijala neno lolote, limekwisha tega mtego nje ya mlango wake.

Pili, tuangalie kinachoingia ndani. Mmea, kama mtu, huhitaji madini kidogo apate kuishi: chuma, shaba, zinki na manganizi. Yakipungua hudhoofika, yakizidi huwa sumu. Risasi, zebaki na kadimi ni mengine. Hayana faida ijulikanayo kwa tete. Lakini mzizi hauna macho. Kadimi hufanana na zinki katika tabia yake, nayo hupenya kwa mlango uleule, kama mwizi aliyevaa kanzu ya mwenye nyumba. Yakisha kuingia, mizizi huyafunga katika kuta na vyumba vya chembe zake ndogo, yasipande juu kwenda kuharibu majani.

Watu wa elimu waliopima matete katika nchi nyingi wameona kwa kawaida mpango mmoja: madini mengi kabisa yamo mizizini, yafuatayo yamo katika mashina ya chini na majani, na mabua yana machache. Tena madini hayapandi kwa mwendo mmoja. Zinki na manganizi hupanda kwa wepesi, risasi hubaki nyuma. Majani makuukuu ya mwisho wa mwaka mara nyingi huwa na zaidi kuliko majani machanga.

Si mimea yote ifanyayo hivyo. Huko Katanga, katika nchi ya Kongo, mna vilima vyenye shaba nyingi hata miti mikubwa haioti juu yake, ila nyasi na maua madogo yaliyoizoea shaba. Watafutaji wa madini wamevitambua vilima hivyo kwa kuitazama mimea yake tu. Tena duniani mna mimea mingine ipandishayo madini mpaka majanini kwa wingi wa kushangaza. Tete si la ukoo huo. Tete ni mlinzi wa ghala, wala si mchukuzi wa mizigo.

Walakini mlinzi yuleyule hapati kazi ileile kila mahali, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu hawezi kusema, "Matete yana sumu," wala, "Matete hayana sumu." Yampasa kuuliza kwanza yameota wapi. Tutazame mahali patano.

Katika mto uendao kasi juu ya mchanga safi, matete hula machache, maana mchanga haushiki madini mengi, na maji hupita bila kutuama.

Katika kinamasi cha matope meusi mambo ni mengine. Majani yaliyooza hushika madini, na kiberiti kilichomo hushikamana nayo yakawa mazito yasiyoyeyuka. Harufu ya mayai viza itokayo unapokanyaga ni dalili ya kazi ya kiberiti hicho. Hapo tete laweza kusimama juu ya akiba kubwa ya sumu, nalo lenyewe likala kidogo tu, kwa kuwa sumu imefungwa.

Penye mlango wa mto, ambapo maji ya bahari huchanganyika na ya mto, matete huvumilia chumvi kiasi. Lakini chumvi huishika kadimi na kuifanya itembee majini kwa wepesi zaidi, na hivi mizizi yaweza kuipata zaidi kuliko ambavyo ingeipata katika maji matamu.

Katika mifereji ya miji hupokea yaoshwayo na mvua: zinki kutoka mabati ya nyumba, na risasi kutoka betri za magari zilizovunjwa na kutupwa ovyo. Petroli nayo zamani ilitiwa risasi. Nchi ya mwisho kuiuzia magari petroli hiyo, yaani Algeria, iliacha mwaka 2021. Lakini risasi iliyokwisha kuanguka kandokando ya barabara haikuondoka siku petroli ilipobadilishwa.

Mahali pa tano ni maji yatokayo machimboni. Kuna mawe yenye chuma na kiberiti pamoja, yang'aayo kama dhahabu, ambayo yakifukuliwa na kupata hewa na mvua hutoa maji makali. Maji hayo makali huyeyusha shaba na zinki na kuzichukua. Huko Kilembe, katika nchi ya Uganda, shaba ilichimbwa tangu mwaka 1956 hata 1982. Mabaki ya mawe yaliyorundikwa Kasese yaliendelea kuoshwa na mvua miaka mingi baada ya kazi kukoma. Yakaacha njia ya ardhi tupu isiyo na majani, na madini yakashukia vinamasi vya Ziwa George. Wachimbaji walikwisha kwenda zao, lakini mawe hayakuacha kufanya kazi.

Sasa nirudi kijijini kwetu. Tumekaa kusini ya Ziwa Victoria. Kijito chetu hushuka kutoka vilima ambako watu huchimba dhahabu kwa mikono. Wao huitwanga miamba, huiosha, kisha huitia zebaki, maana zebaki huishika dhahabu ndogondogo isiyookoteka kwa vidole. Halafu huichoma, zebaki hupaa kama moshi, dhahabu hubaki. Sehemu ya zebaki huenda hewani, na sehemu hushuka na maji ya kuoshea. Kabla kijito hakijafika mashambani na visimani petu, hupita katika kinamasi kipana cha matete. Maji huingia upande wa juu yakiwa mekundu kwa matope, hutoka upande wa chini yakiwa meupe zaidi. Miaka yote tuliona hivyo, tusiulize.

Ukaja mwaka wa mvua chache. Mahindi yalinyauka yakiwa kimo cha goti, na katika bonde lote palibaki kijani mahali pamoja tu, kinamasini. Basi watu wakafanya shauri kufyeka matete, kuchimba mfereji, kukausha matope, na kupanda mpunga, magimbi na mchicha. Nataka msomaji ajue kwamba shauri hili halikuwa la wajinga wala la wavivu. Lilikuwa la watu wenye njaa. Mama mmoja mjane, ambaye shamba lake la juu lilikwisha kufukiwa na kifusi cha machimbo, aliniambia, "Mwalimu, matete hayaliwi. Watoto wangu wale nini?" Sikuwa na jibu jepesi la kumpa, wala sidhani lipo.

Siku zile nilikuwa nikiwafundisha watoto habari za mizizi. Niliwatuma walete matete mawili: moja kutoka karibu na chemchemi iliyo kando, la pili kutoka mahali kijito kiingiapo kinamasini. Walipoyaosha, mizizi ya lile la kwanza ilikuwa karibu nyeupe, na ya lile la pili imevaa kutu nene. Niliwaonya kwamba kutu si zebaki, wala jicho haliwezi kupima sumu. Kutu huonyesha tu kwamba chuma kingi kimeshuka na maji, na kwamba mzizi umefanya mtego. Hata hivyo watoto walifika nyumbani na maswali, na jioni wazazi wakaja kwangu na maswali yaleyale. Hivyo nikaitwa barazani.

Baraza liliketi mara tatu. Mzee mmoja alisema matete yaachwe kwa kuwa babu zake waliyaacha. Vijana wakamjibu kwamba babu zake hawakuwa na njaa ya mwaka huu, na jibu lao lilikuwa na haki ndani yake. Kisha kijana mmoja afanyaye kazi machimboni, mtu mwenye akili, akasimama akasema, "Mwalimu amesema matete hunywa sumu. Basi na tuyakate kila mwaka tuyatupe mbali, sumu itakwisha, ndipo tulime."

Nilimwambia kwamba shauri lake ni zuri kama tete lingekuwa mchukuzi. Lakini sehemu kubwa ya madini imo mizizini na katika matope yenyewe. Mwenye kukata mabua huondoa machache sana, hata akikata miaka mingi. Na kukausha ni hatari kuliko kukata. Matope yale yakipata hewa, kiberiti kilichofunga madini hubadilika kikawa maji makali, kama yale ya mawe ya machimbo, na yaliyofungwa hufunguliwa. Kuchimba mfereji mle ni kumfukuza mlinzi na kuvunja mlango wa ghala siku moja. Tena mazao waliyoyataka ndiyo yasiyofaa kabisa mahali kama pale. Mpunga husimama katika matope, nao hupokea arseniki kuliko nafaka nyingine. Shamba lake likikaushwa, kadimi nayo hupata njia. Mchicha na mboga nyingine za majani huivuta kadimi kwa wepesi. Gimbi hulala ndani ya matope yenyewe.

Lakini sikutaka kuwasifia matete kupita kweli, nikawaambia na upande wa pili. Katika matope yasiyo na hewa mna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoweza kuigeuza zebaki ikawa namna nyingine iliyo kali zaidi. Namna hiyo huingia katika samaki wadogo. Mkubwa amlapo mdogo huikusanya. Na mtu alaye samaki mkubwa huipokea yote. Huko Minamata, katika nchi ya Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na ugonjwa wa watu waliokula samaki ulijulikana rasmi mwaka 1956. Waliumia mishipa ya fahamu, na watoto wakazaliwa na kilema hali mama zao hawakuonekana wagonjwa sana. Kwa sababu hiyo mkataba wa mataifa wa kuzuia zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, huitwa kwa jina la mji ule. Basi kinamasi hutuzuilia mengi, lakini hakituponyi. Mlinzi akiletewa mizigo kila siku pasipo kikomo, ghala litajaa. Dawa yenyewe iko juu kilimani, zebaki inapotiwa majini.

Wengine waliuliza kama mahali pengine watu wametumia matete kwa makusudi. Ndiyo. Nchini Ujerumani bibi mmoja mtaalamu, Käthe Seidel, alianza kujaribu mimea ya majini kwa kusafisha maji machafu katika miaka ya 1950. Na mwaka 1974 bustani kubwa ya matete ilianza kazi ya kusafisha maji ya mji katika kijiji cha Othfresen. Hapa kwetu, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamejaribu vinamasi vya kutengenezwa, wakipanda matete yetu wenyewe. Lakini bustani za namna hiyo huwekewa mipaka, maji yake hupimwa, na mtu halimi chakula ndani yake.

Mwisho wa baraza la tatu shauri lilikatwa hivi. Kinamasi cha kati kisiguswe. Ardhi iliyo kando ya chemchemi, ambayo maji ya kijito hayaifiki, igawiwe kwanza kwa wale waliopoteza mashamba. Nusu ya shamba la shule itolewe kwa misimu miwili, na kila nyumba yenye mbegu isaidie isiyo nayo. Wachimbaji waombwe kuosha miamba yao katika mashimo yaliyo mbali na kijito, wala wasichome zebaki karibu na nyumba. Tena tuliandika barua kwa maofisa wa maji, tukaomba maji na matope yapimwe.

Sitasema kwamba yote yalikwenda sawa. Wachimbaji wengine walihama kijitoni, wengine bado. Wapimaji wamechukua maji na matope katika chupa, na majibu tunayangoja. Yule mama alipata kipande kando ya chemchemi, kidogo kuliko alichokuwa nacho zamani. Alivuna mahindi ya kutosha miezi michache, na miezi mingine alisaidiwa. Njaa yake ilionekana na wote, nasi tuliweza kuipima kwa kibaba. Sumu haionekani, wala haipigi kelele, na hudai deni lake baada ya miaka. Ni vigumu kwa watu kuchagua hasara ya leo kwa ajili ya watoto wasiojua kushukuru bado. Nimewaheshimu sana watu wa kijiji chetu kwa kuchagua hivyo.

Kwa wasomaji wakaao karibu na matete yapokeayo maji ya machimbo, ya viwanda au ya mji, natoa mashauri machache. Mabua yakatwe kwa nyua na mapaa, lakini juu ya usawa wa maji, yapate kuishi. Mizizi isichimbwe kwa dawa. Ng'ombe na kondoo wasilishwe machipukizi yake. Hatari iliyo kubwa mara nyingi ni matope waliyoyameza pamoja na majani, na kondoo hasa hawaivumilii shaba. Mama wajawazito na watoto wadogo wasipewe kambale wakubwa wa maji hayo. Visima vichimbwe mbali na kijito, navyo vipimwe.

Nanyi walimu wenzangu, siku moja wachukueni watoto mpaka mtoni, mng'oe tete moja, mwoshe mizizi yake, kisha waulizeni maneno matatu: Maji haya yatoka wapi? Yamepita kwa nani kabla ya kufika kwetu? Na kitu gani kimetuama hapa miguuni petu? Wapeni nafasi ya kujibu wenyewe, kisha wasikilizeni.